Karani wa Mississippi na sheria isiyotaja rangi

Ukiisoma sura ya kura katika Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 bila kujua iliandikwa wapi na kwa sababu gani, hutakutana na neno mweusi wala mweupe. Utakutana na masharti ambayo hata leo mtu anaweza kusimama mkutanoni akayatetea bila haya: mpiga kura awe ameishi jimboni miaka miwili, awe amelipa kodi zake, asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa wizi, na aweze kusoma kifungu chochote cha Katiba, au akisomewa akielewe au kukitolea maelezo ya kuridhisha. Nani atapinga mpiga kura kuielewa Katiba ya kwao? Lakini masharti hayo ndiyo yaliyoua siasa za watu weusi katika jimbo ambalo wao walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, jimbo ambalo miaka ishirini tu kabla ya hapo lilimpeleka Washington Hiram Revels, mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Seneti ya Marekani.

Ubaguzi wa Marekani ukitajwa, wengi wetu tunakumbuka picha: vibao vya "Weupe tu" kwenye bomba la maji, basi la Montgomery, mbwa wa polisi wa Birmingham wakiwararua vijana. Picha hizo ni za kweli, ila zimetuzoesha kuutafuta ubaguzi pale tu unapopiga kelele. Kwa maoni yangu, ule uliodumu zaidi na uliosumbua zaidi kuung'oa ni ule wa ofisini, uliopitia fomu, stakabadhi, ramani na karani mwenye mamlaka ya kusema "umefeli" bila kueleza kwa nini. Kwa sababu hiyo, sheria iliyofaa kuliko zote katika historia ya haki za kiraia ya nchi ile haikuwa ile iliyotangaza haki kwa sauti kubwa. Ilikuwa ile iliyomnyang'anya karani huyo muda na hiari yake.

Kwa nini watunga sheria hao walijificha nyuma ya maneno? Kwa sababu walilazimika. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mkoloni Mwingereza hakuwa na shida hiyo. Tanganyika ilipofanya uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, ule wa kura tatu ulioitesa TANU pale Tabora, viti viligawanywa waziwazi: cha Mwafrika, cha Mzungu na cha Mwasia. London ingeweza kuandika rangi kwenye karatasi na kulala usingizi. Mississippi isingeweza, kwa hiyo ikatafuta vitu vilivyokwenda pamoja na rangi, yaani umaskini, kutokujua kusoma na kuhamahama kutafuta kibarua, ikaviandika hivyo badala yake.

Lengo lenyewe halikufichwa. Kati ya wajumbe 134 walioiandika Katiba ile, mweusi alikuwa mmoja tu, Isaiah Montgomery, na hata yeye aliiunga mkono, jambo ambalo wanahistoria wanalibishania hadi leo. Mwenyekiti wa mkutano, Solomon Calhoon, alitamka wazi kwamba walikuja kumwondoa mtu mweusi kwenye siasa. Hata orodha ya makosa ya jinai yanayomfutia mtu kura ilipimwa kwa mizani hiyo. Wizi, uchomaji wa mali na kujipatia bidhaa kwa udanganyifu vilimo, maana waliamini hayo ni makosa ya weusi. Mauaji na ubakaji havikuwemo, na viliongezwa mwaka 1968. Kwa hiyo kwa karibu miaka themanini, mtu aliyeiba nguruwe Mississippi alipoteza kura yake, na aliyeua mtu akabaki nayo.

Kodi ya kichwa ilikuwa dola 2 kwa mwaka. Ilitakiwa iwe imelipwa ya miaka miwili iliyotangulia, kabla ya mwanzo wa Februari ya mwaka wa uchaguzi, na mpiga kura aonyeshe ushahidi kwamba amelipa. Wengi wa weusi walilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na hesabu ya mwisho wa msimu mara nyingi iliwakuta bado wanadaiwa. Hakuna aliyekuja kuwadai kodi hiyo. Asiyelipa hakusumbuliwa hata kidogo, na hapo ndipo palipokuwa na ujanja: serikali haikuitaka pesa, ilitaka stakabadhi isiwepo.

Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitazama Katiba hiyo katika kesi ya Williams dhidi ya Mississippi, ikasema haioni tatizo kwa sababu haitaji rangi. Majimbo mengine yalikuwa yanasubiri neno hilo. Louisiana iliandika Katiba yake mwaka huohuo na kuongeza kipengele cha babu: asiyejua kusoma na asiye na mali bado ataandikishwa ikiwa yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867. Ni tarehe tu, mtu atasema. Lakini siku ile hapakuwa na mweusi mwenye haki hiyo Louisiana. Wapiga kura weusi walioandikishwa jimboni humo, waliokuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896, walibaki takriban 1,300 kufikia mwaka 1904.

Hapo ndipo ilipokuja kesi ambayo watu hawaitaji sana, na mimi naiona kuwa ufunguo wa historia hii yote. Jackson Giles, mfagizi wa ofisi huko Montgomery, Alabama, alikuwa akipiga kura kwa miaka mingi hadi Katiba mpya ya jimbo ilipomtoa kwenye daftari. Alishtaki kwa niaba yake na ya maelfu ya wenzake. Gharama za kesi zililipwa kwa siri na Booker T. Washington, kiongozi wa weusi, yuleyule ambaye hadharani aliwahimiza weusi waachane na siasa kwanza wajifunze ufundi. Mwaka 1903 Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu alitoa jibu. Kwanza, alisema, kama mfumo mzima ni haramu kama Giles anavyodai, mahakama haiwezi kumwongeza mtu mmoja zaidi kwenye mfumo haramu. Pili, kama umma wa wazungu wa Alabama umedhamiria kuwazuia weusi, jina kwenye kipande cha karatasi halitawashinda, kwa hiyo Giles aende kwenye siasa akaombe nafuu huko. Yaani mtu aliyenyimwa kura aliambiwa aitafute kwa kura.

Nimeiita ufunguo kwa sababu Holmes, pamoja na ubaridi wake, aliona kitu cha kweli. Hukumu ya mahakama peke yake ni karatasi nyingine tu, na karani anaijua kazi ya karatasi kuliko jaji. Miaka sitini iliyofuata ilikuwa mchezo wa paka na panya. Kipengele cha babu kilipobatilishwa mwaka 1915, Oklahoma iliyoshindwa kesi hiyo ilitunga sheria mpya iliyowapa weusi siku chache tu za kujiandikisha, la sivyo wakose maisha. Texas ilifunga mlango kwingine: kura za maoni za chama cha Democratic ziwe za wazungu tu. Palipo na ngome ya chama kimoja, aliyeshinda kura za maoni ameshashinda uchaguzi, na hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa huku kwetu. Ilichukua hadi mwaka 1944, kwa kesi ya daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, kuuvunja mlango huo. Wakili alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alialikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, akaandaa rasimu ya haki za msingi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu kuwalinda wachache wa Kenya, yaani Wazungu na Wahindi, na mali zao. Aliyetumia ujana wake kuwapigania wachache weusi wa kwao aliona ni halali kabisa kuwaandikia ulinzi wachache weupe wa kwetu.

Hata ramani ilitumika. Mji wa Tuskegee, Alabama, ulikuwa na mpaka wa umbo la mraba. Weusi walikuwa wengi kuliko wazungu, na kwa kuwa kulikuwa na chuo, wengi wao walikuwa wasomi ambao jaribio la kusoma lisingewatisha. Walipoanza kuandikishwa kwa mamia, bunge la jimbo mwaka 1957 lilichora mpaka upya ukawa na pande 28. Kati ya wapiga kura weusi takriban 400, waliobaki ndani ya mji walikuwa wanne au watano. Hakuna mpiga kura mweupe hata mmoja aliyejikuta nje. Charles Gomillion, profesa wa sosholojia chuoni hapo, alifungua kesi, na mwaka 1960 majaji wote tisa walikubaliana naye. Kwa mara moja umbo lenyewe lilitosha kuwa ushahidi, ingawa sheria ilihusu vipimo vya ardhi tu.

Turudi kwa karani, tukae naye kidogo. Tarehe 31 Agosti 1962, watu 18 walipanda basi hadi Indianola, Mississippi, kujiandikisha. Mmoja wao alikuwa Fannie Lou Hamer, mwanamke wa miaka 44, mtoto wa mwisho kati ya 20, aliyefanya kazi miaka 18 katika shamba moja la pamba akiwa mwandika mahudhurio. Katiba ya Mississippi ilikuwa na vifungu 285, na karani alikuwa na hiari ya kumchagulia mwombaji kimojawapo, akinakili na kukieleza. Wazungu wengi walipewa kifungu cha 30, kinachosema tu kwamba hakuna atakayefungwa kwa sababu ya deni. Hamer alipewa cha 16, kuhusu sheria zinazorudi nyuma na kumhukumu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Baadaye alisema alizijua sheria hizo kama farasi anavyoijua Krismasi. Alifeli. Njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi na dereva akatozwa faini kwa kuwa rangi ya basi ilikuwa ya njano kupita kiasi.

Alipofika shambani, mwenye shamba alikuwa ameshapata habari. Alimtaka aende akaondoe ombi lake, la sivyo ahame. Hamer alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya mwenye shamba bali kwa ajili yake yeye Hamer, na usiku uleule akatolewa. Tazama jinsi habari zilivyosafiri haraka. Mwaka huohuo Mississippi ilipitisha sheria ya kuchapisha majina ya waombaji wote katika gazeti la eneo lao kwa wiki mbili. Ilitetewa kwa lugha ya uwazi, kwamba wananchi wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Kazi yake halisi ilikuwa kumfikishia jina mwajiri, mwenye nyumba, muuza duka anayekukopesha unga, na Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha weusi kwa ukatili. Nimewahi kusikia watu wakisema uwazi siku zote ni dawa. Inategemea gazeti linasomwa na nani.

Hamer alirudi kwa karani, na Januari 1963 akafaulu. Siku ya kura ilipofika aliambiwa hawezi kupiga, hana stakabadhi mbili za kodi ya kichwa.

Wakati huo serikali ya Washington haikuwa imelala kabisa. Sheria za mwaka 1957 na 1960 ziliiruhusu kuwashtaki makarani, nayo ikawashtaki, kaunti moja baada ya nyingine. Kesi moja iliweza kula saa 6,000 za kazi, mawakili wakipekua daftari kurasa kwa kurasa kulinganisha majibu ya weupe waliofaulu na ya weusi waliofeli. Ukishinda, karani anajiuzulu na kesi inakosa mshtakiwa, au ofisi inafungwa, au jimbo linatunga jaribio jipya ambalo hukumu haikulitaja. Kaunti ya Dallas, Alabama, ambako mji wa Selma upo, ilishtakiwa Aprili 1961. Baada ya miaka minne ya kesi, weusi walioandikishwa walikuwa wameongezeka kutoka 156 hadi 383, katika kaunti yenye weusi takriban 15,000 wenye umri wa kupiga kura.

Ni kwa hesabu hiyo ndipo unapoelewa kwa nini watu walifika kwenye daraja la Edmund Pettus, mjini Selma, tarehe 7 Machi 1965. Waandamanaji wale hawakuwa wamechoka kungoja haki itangazwe. Haki ilikuwa imeshatangazwa miaka 95 nyuma. Walikuwa wamechoka na ofisi inayofunguliwa siku mbili kwa mwezi. Virungu na mabomu ya machozi ya askari wa jimbo, yaliyoonyeshwa na televisheni jioni ile, viliisukuma Washington, na tarehe 6 Agosti Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Sheria hiyo haikuwa na shairi ndani yake. Iliweka kigezo cha hesabu: jimbo au kaunti iliyotumia jaribio lolote la kuandikisha mwaka 1964, na ambayo chini ya nusu ya wenye umri wa kupiga kura waliandikishwa au walipiga kura mwaka huo, inaingia kwenye orodha. Aliye kwenye orodha, majaribio yake yanasimamishwa papo hapo, hakuna kesi. Serikali kuu inaweza kutuma waandikishaji wake wenyewe wakamruka karani. Na kuanzia siku hiyo, badiliko lolote la mambo ya kura, hata kuhamisha kituo kutoka shule hii hadi kanisa lile, halitumiki mpaka Mwanasheria Mkuu wa serikali au mahakama ya Washington itoe kibali kwanza. Anayetaka badiliko ndiye anayethibitisha kwamba halitawaumiza wapiga kura kwa rangi yao.

Jaji Mkuu Earl Warren alipoitetea sheria hiyo mwaka 1966, alisema Bunge lilikuwa na haki ya kuihamisha faida ya muda na uzito wa mazoea kutoka kwa wanaotenda uovu kwenda kwa wanaotendewa. Sijasoma maelezo bora ya sheria ile. Muda ndio uliokuwa mali kubwa ya karani. Kesi ikienda miaka minne, miaka minne ni yake. Kibali cha awali kiliigeuza saa: sasa anayesubiri ni jimbo. Mississippi, iliyokuwa na asilimia 6.7 ya weusi walioandikishwa, ilifika asilimia 59.8 mwaka 1967. Nyoyo za makarani hazikubadilika katika miaka miwili. Kilichobadilika ni nani anakaa mezani na nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Selma nayo, sherifu Jim Clark, aliyewapiga waandamanaji, aliomba tena nafasi yake mwaka 1966 akaangushwa kwenye kura za maoni.

Sheria zisizotaja rangi hazikuishia kwenye kura. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, kazi walizofanya weusi wengi wa Kusini. Wanahistoria wanabishana kama ilikuwa njama ya wabunge wa Kusini au ugumu wa kukusanya michango shambani, na mimi siwezi kuumaliza ubishi huo. Mzee aliyekosa pensheni hakuulizwa nia ya mtunga sheria.

Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, majaji watano dhidi ya wanne walikifuta kigezo kile cha hesabu. Jaji Mkuu John Roberts hakuwa na hoja ya kipuuzi. Orodha ilitegemea takwimu za miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 2012 weusi waliojitokeza kupiga kura walikuwa wamewapita weupe kwa asilimia katika majimbo matano kati ya sita ya orodha ya awali. Kuyaadhibu majimbo ya leo kwa dhambi za babu zao si haki, mtu angesema. Lakini Bunge lilikuwa limeihuisha sheria hiyo mwaka 2006, Seneti ikipiga kura 98 kwa 0, baada ya kupitia maelfu ya kurasa za ushahidi. Na ushahidi huo haukuhusu babu. Ulihusu mabadiliko ambayo majimbo yaliendelea kuyapeleka Washington na kunyimwa kibali.

Bila kigezo, kibali cha awali kilibaki jina. Siku ileile Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya kitambulisho, inayokubali leseni ya kubeba bunduki na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu. North Carolina ilipitisha sheria iliyopunguza siku za kura ya mapema kutoka 17 hadi 10 na kufuta uandikishaji wa siku hiyohiyo. Rangi haikutajwa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iligundua kwamba wabunge waliomba kwanza takwimu za nani anatumia njia zipi za kupiga kura, kwa rangi, kisha wakazipunguza zile zilizotumiwa zaidi na weusi. Sheria ikabatilishwa, ila uchaguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umeshapita chini yake.

Alabama ni mfano mkavu zaidi. Weusi ni zaidi ya robo ya wakazi, viti vya Bunge la Washington ni saba, na ramani ya mwaka 2021 iliwapa weusi eneo moja tu ambalo wao ni wengi. Majaji watatu waliikataa Januari 2022. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo hadi rufaa isikilizwe, na Juni 2023 ikakubali kwamba majaji wale walikuwa sahihi, ramani ilikuwa haramu. Ramani mpya ilichorwa, na Novemba 2024 Shomari Figures akashinda katika eneo jipya. Ile ya haramu ilikuwa imetumika katika uchaguzi wa Novemba 2022, na waliochaguliwa kwayo walimaliza muhula wao wote, hadi Januari 2025.